Maziwa ya Mke wa Mhunzi

Marieta alianza kuvuta mivukuto kabla hajaota meno ya ukubwani. Baba yake, mzee Basili, alikuwa mhunzi, babu yake mhunzi, na umri wa kuolewa ulipofika akaolewa na mhunzi, kwa sababu hapa chini ya mlima Hanang hakuna mfugaji ambaye angepeleka posa nyumbani kwa wahunzi, hata binti awe mzuri namna gani. Hakulalamika. Angemlalamikia nani? Alitoka kwenye moshi wa baba yake akaingia kwenye moshi wa Clement, ng'ambo ya korongo, upande ule ambao watu wa kijiji cha Balangdalalu wakipita huongeza mwendo.

Mivukuto ni mifuko ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto. Unakaa chini, unashika mmoja kwa mkono huu na wa pili kwa mkono ule, unapandisha, unashusha, na moto unapumua. Wewe mwenyewe unapumua kinachobaki. Clement huyeyusha makufuli yaliyokufa, koki za mabomba na nyaya kuukuu, akatoa bangili za shaba, na Marieta huzisugua kwa mchanga mpaka zing'ae, kisha huzipeleka mnadani.

Wake wa wafugaji wanazipenda bangili hizo hadi wivu. Bibi harusi hatoki kwao mikono mitupu. Lakini hakuna anayeipokea bangili mkononi mwa Marieta. Wanamwambia, "Weka chini." Anaiweka kwenye kanga, anaondoa mkono, ndipo mteja anainama kuiokota, na akifika kwake anaipaka samli kwanza kuitakasa kabla ya kuivaa. Marieta amesikia neno hilo la weka chini tangu utotoni, likaingia kwenye biashara yake kama vile wengine wanavyosema karibu mteja. Wakati mwingine aliliwahi mwenyewe, akaweka chini kabla hajaambiwa, ili asilisikie.

Kikohozi kilimwanza wakati wa baridi, baridi ikaisha, kikohozi kikabaki. Kule zahanati tabibu alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu, akamwuliza anafanya kazi gani, akakunja uso. "Mama, mapafu yako yamechoka. Ukirudi kwenye moto huo, mimi sitakuwa na dawa ya kukupa."

"Kabisa?"

"Kabisa. Tafuta kazi nyingine."

Tafuta kazi nyingine! Wenye makoti meupe hulisema hilo kama mtu anayekuelekeza choo kilipo. Marieta alirudi nyumbani akamwambia mumewe. Clement ni mtu wa maneno machache, na hata hayo machache huyatoa akiwa anatazama makaa.

"Moto wangu atapuliza nani?" aliuliza.

"Sijui."

"Unataka kazi gani?"

"Maziwa," alisema Marieta.

Clement aliacha koleo. Alimtazama mke wake kwa huruma, huruma halisi, akasema, "Nenda. Watakurudisha."

Tuseme ukweli, hakuwa amechagua kitu rahisi, maana mfugaji hakubali maziwa yake yaguswe na mkono wa mhunzi. Angeweza kusema mahindi, au vitunguu, au kufua nguo za walimu. Lakini mama yake alikuwa na ng'ombe mmoja, na Marieta akiwa mdogo ndiye aliyemkamua, ndiye aliyesafisha vibuyu kwa kijinga cha moto mpaka vikanukia vizuri. Ilikuwa saa pekee ya siku ambayo hakuna mtu aliyemfokea. Alitaka kazi yenye harufu ya kitu kilicho hai. Na mwaka ule, kama bahati, wanawake wa kikundi cha wafugaji walikuwa wanajengewa chumba cha kukusanyia maziwa, chenye mashine ya kupoza inayotumia umeme wa jua, na alitafutwa mtu wa kuyapima na kuyapokea.

Aliyeleta mradi huo ni Kornelia. Huyu ni Mwiraqw wa Bashay, kule juu kwenye mashamba ya ngano na baridi ya asubuhi, mwalimu wa shule ya msingi aliyechoka na chaki. Kuna siku alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya shirika moja, akasimama mbele ya watu asiowajua, akaeleza anachoweza kufanya, wakamwajiri. Dawa hiyo ilimponya yeye mara moja, tangu hapo akawa anaigawa kwa kila mgonjwa. Kazi yake sasa ilikuwa kuwasaidia wanawake waache kazi zinazowaumiza waingie kwenye kazi mpya bila woga, na aliifanya kwa moyo wote. Simsemi kwa ubaya. Watu wenye nia mbaya hawana nguvu nyingi kiasi kile.

Semina zake zilifanyika chini ya bati la kanisa. Alikuwa na maneno yake, wanawake wakayakariri mpaka watoto wao wakayakariri. Simama wima. Watazame watu machoni. Taja jina lako, taja baba yako, taja watu wako. Sema mikono yako inajua nini. Usiombe.

Wanawake walicheka sana kwenye hilo la machoni. Hapa mwanamke mwenye adabu akimwamkia mkubwa hutazama pembeni. Lakini walikuwa wanapewa chai ya maziwa na maandazi, kwa hiyo walisimama, wakatazama.

Marieta alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, kikombe chake amekuja nacho kutoka nyumbani. Alijifunza kila kitu. Alijifunza kutumia kile kipimo kinachoelea kwenye maziwa na kuonyesha kama yametiwa maji, alijifunza kuosha keni za kubebea maziwa, kunusa, kuonja kwa kijiko. Kornelia alipouliza nani aliyefaulu vizuri zaidi, jibu lilikuwa wazi. Akatangaza kwamba Marieta ndiye atakayepokea maziwa.

"Kuna mwenye pingamizi?" aliuliza.

Kimya. Wanawake waliangalia vikombe vyao.

"Safi sana!" alisema Kornelia, na akapiga makofi peke yake.

Kwao Bashay, nadhani, mtu asiyetaka hunyanyua mkono akasema. Huku tambarare mgeni hakataliwi usoni, tena mgeni aliyeleta mashine. Anaachwa aseme amalize, aende zake, halafu jambo linakufa lenyewe. Kornelia alikuwa amekaa miaka mingi jirani na watu hawa, asijue hata ukimya wao una maana gani.

Siku ya pili yake mwenyekiti wa kikundi alimkuta Marieta kisimani. Mwenyekiti ni Scolastica, mke wa Bonaventura, mwenye ng'ombe hao unaowaona wamefunika kilima kizima. Alisimama mbali kidogo kama kawaida, akateka maji, akaongea akiwa anatazama ndoo yake.

"Wewe mama, unapenda hii kazi kweli?"

"Naipenda, mama. Kifua changu kimekwisha."

"Sasa sikiliza. Ukikaa ndani, kwenye mashine, sisi tutampa Fabiola maziwa pale dirishani. Fabiola akiingia na keni huko ndani, sisi tunajua nini? Mimi sijaona. Mama mkwe wangu hajaona. Maziwa yanapanda gari yanakwenda zake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Ila usije ukasema kitu mbele ya watu. Mtu akishasikia, amesikia."

Scolastica hakuwa mwema. Alikuwa mwanamke mwenye maziwa mengi na mashine mpya, na Fabiola, mpwa wake, hakuweza kukisoma kipimo hata ukimshikia kichwa. Lakini alikuwa amefungua mlango, na mlango ukifunguliwa kwa uchoyo bado umefunguliwa. Marieta alirudi nyumbani akiwa karibu kuimba. Alisugua mikono yake kwa jivu na mchanga, ule mchanga wa kusugulia bangili, akijaribu kutoa weusi uliokaa kwenye mistari ya viganja tangu utotoni. Usiku ule alimwambia Clement kwamba safari hii hawatamrudisha. Clement akasema vizuri.

Kilichobaki ni kumwelewesha Kornelia. Alimfuata baada ya semina ya mwisho, akamwamkia shikamoo mwalimu, akaitikiwa marahaba, akasema, "Mwalimu, naomba uniweke ndani. Nyuma, kwenye mashine. Siku ile ya ufunguzi nisisimame mbele."

"Kwa nini?"

"Sisi ni wahunzi, mwalimu."

"Na mimi ni mtoto wa mkulima. Kwa hiyo?"

"Wanajua. Lakini wakisikia ni kitu kingine."

"Marieta," alisema Kornelia, na akamshika mabega yote mawili, akiwa mtu wa kwanza asiye wa ukoo kumshika hivyo. "Kujificha ndiko kunakowamaliza wanawake. Umefaulu kuliko wote. Utasimama pale mbele, utasema yale tuliyojifunza, na hakuna atakayekugusa. Mimi nitakuwa pembeni yako."

Marieta angeweza kukataa. Nimelifikiria sana jambo hili na bado linaniudhi. Lakini mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa weka chini, leo ameshikwa mabega na mwanamke mwenye gari akaambiwa amefaulu kuliko wote, utamlaumu kwa kuamini? Mikono ile ilikuwa na joto. Alisema sawa, mwalimu.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Walikuja wageni wa shirika na kamera zao, akaja Bonaventura na fimbo yake, akaja mama yake Bonaventura, bibi mzee ambaye hata wanaume hunyamaza akikohoa. Wanawake walipanga keni na vibuyu vyao kwenye kivuli, maziwa ya asubuhi, bado yana povu. Upepo wa mlimani ulikuwa unapeperusha mashuka. Fabiola alikuwa tayari dirishani, na Scolastica alikuwa ametulia, anatabasamu kwa kamera, akijua mambo yamekwisha pangwa.

Kornelia akamwita Marieta mbele.

Scolastica aliacha kutabasamu. Alimtazama Marieta na kutikisa kichwa kidogo sana, hapana. Marieta aliona. Akamtazama Kornelia, na Kornelia akamwonyesha kwa kidevu, inua uso.

Akainua uso. Akasimama wima, akawatazama watu machoni, akaanzia kwa yule bibi kwa sababu ndiye aliyekuwa katikati.

"Naitwa Marieta. Baba yangu ni Basili. Watu wangu ni wahunzi wa ng'ambo ya korongo. Mikono yangu inajua shaba, na sasa inajua maziwa. Mimi ndiye nitakayepokea maziwa yenu."

Alisema vizuri. Hata kikohozi kilimstahi. Wageni wa shirika wakapiga makofi, na Kornelia akafuta machozi.

Bibi yule alisubiri makofi yaishe. Akasema kwa kilugha, bila hasira, "Sasa nimesikia." Halafu akanyanyuka, akachukua kibuyu cha nyumba yake, akakiinamisha. Maziwa yakamwagika chini mbele ya miguu ya Marieta. Watu hawa hawamwagi maziwa ovyo, mtoto akimwaga kikombe anachapwa. Bibi alimwaga mpaka tone la mwisho, akakikung'uta kibuyu.

Scolastica akafuata. Ilibidi. Mama mkwe amemwaga, yeye abaki na maziwa kama nani? Alifungua keni yake kubwa na alipokuwa anaiinamisha alimwangalia Marieta kwa chuki ya kweli, chuki ya mtu aliyeharibiwa mpango wake mzuri. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama wanavyokwenda kupokea komunyo. Kila mkono uliomwaga ulikuwa umejaa bangili, zikawa zinagongana na kulia, na Marieta alizijua zote. Ile aliisugua wakati wa mvua. Ile ilipasuka ikarudishwa ikayeyushwa upya. Ile kwenye mkono wa Fabiola ina alama ya nyundo ya Clement kwa ndani.

Mbwa walikuja kulamba. Mbwa hawaulizi ukoo.

Kornelia alipiga kelele. Aliwaita wajinga, aliwaita watu wa zamani, akasema aibu, aibu, mpaka sauti ikakauka. Wanawake walimsikiliza kwa heshima yote, kwa sababu ni mgeni. Bonaventura akamkaribisha akae kivulini apumzike. Wageni walifunika kamera zao. Na Marieta alikuwa bado amesimama palepale, wima, uso juu, kwa sababu kwenye semina hakufundishwa mtu akishasimama aondoke vipi.

Fabiola ndiye aliyepewa kazi. Maziwa yaliharibika mara kadhaa mwanzoni, lakini watu walivumilia, mpwa ni mpwa. Marieta alirudi kwenye mivukuto. Clement hakusema nilikwambia, na hilo lilimuuma kuliko kama angelisema. Watoto waliokuwa wanapita korongoni na mbuzi walimpigia kelele, "Simama wima! Tazama machoni!" wakakimbia wakicheka. Kabla ya msimu wa ndoa kuisha, Scolastica alikuja mwenyewe kuagiza bangili za binti yake, nyingi, nene, zenye kung'aa. Hakutaja ya maziwa. Zilipokuwa tayari alizifuata, na Marieta alipomnyooshea akamwambia, "Weka chini."

Akaweka.

Kornelia alitokea tena baada ya mvua. Aliacha gari upande wa pili akavuka korongo kwa miguu, viatu vikajaa tope, na alipofika kwenye boma la Clement alimkumbatia Marieta kwa nguvu. Alikuwa amekonda kidogo. Alisema jambo lile halimpi usingizi, alisema amelia, amepigana ofisini, na sasa amepata njia.

"Njia gani, mwalimu?"

"Bangili!" alisema Kornelia, macho yanang'aa. "Watalii wanapita hapa kupanda mlima, wengine wanashuka bondeni Yaeda Chini. Wanataka kitu cha asili. Tutaandaa mradi wa urithi, wewe ndiye utakuwa kiongozi. Tutapiga picha zako ukiwa kwenye moto. Hiyo ndiyo nguvu yako, Marieta. Nilikosea kukutoa kwenye nguvu yako."

Marieta alikohoa. Alikohoa muda, ameinama, mkono kwenye goti, na Kornelia akampapasa mgongo akisubiri amalize ili aendelee kueleza. Kuhusu kifua hakuuliza. Labda alisahau kwamba ndiko kulikoanzia yote. Nia njema ina usahaulifu wake.

"Karibu ukae, mwalimu," alisema Marieta.

Wahunzi nao ni watu, mgeni hakai kwao mdomo mkavu. Clement alikuwa amenunua ng'ombe mmoja mwaka ule, mwembamba, kwa ajili ya kifua cha mkewe, na Marieta alikuwa akimkamua mwenyewe. Aliingia ndani, akachukua kibuyu kidogo, kile cha mama yake, alichokisafisha asubuhi ile kwa kijinga cha moto. Akakileta kwa mikono miwili, mikono ile yenye weusi kwenye mistari, akapiga goti kidogo kama inavyompasa mgeni mkubwa.

Kornelia alinyoosha mikono kupokea. Mikono ikafika katikati. Aliona vidole, aliona mdomo wa kibuyu, na kitu kikapita usoni mwake, upesi sana, kitu ambacho hakukijua kama kimo ndani yake. Pengine ni bibi yake wa Bashay, aliyemkataza kitu fulani akiwa mdogo, kikakaa huko chini miaka yote kikisubiri. Mikono ikarudi kwenye mapaja.

"Asante sana, dada yangu. Lakini maziwa siku hizi yananisumbua tumbo."

Marieta alibaki ameinamia kibuyu. Semina nzima alikuwa amemwona mwanamke huyu akinywa chai ya maziwa, akirudia, akisifia utamu wa maziwa ya Hanang kuliko ya kwao.

"Ungeniwekea tu hapo chini," aliongeza Kornelia, kwa upole, "nitakunywa baadaye."

Kornelia aliposikia alichokisema, uso ulimbadilika. Lakini kilishasemwa.

Marieta hakuweka chini. Alinyanyuka, akapeleka kibuyu mdomoni, akanywa. Alikunywa taratibu, mbele yake, bila kupumzika, mpaka kibuyu kikaisha, akajifuta midomo kwa kiganja. Kisha akasimama wima. Akamtazama Kornelia machoni, na safari hii Kornelia ndiye aliyetafuta pembeni pa kutazama asipaone.

"Naitwa Marieta," alisema. "Baba yangu ni Basili. Watu wangu ni wahunzi. Mikono yangu inajua shaba, na inajua maziwa."

Kutoka kwenye kibanda cha moto Clement aliita kwamba makaa yanakufa.

"Nimesema vizuri, mwalimu?"

Kornelia alikuwa analia. Aliitikia kwa kichwa, kama alivyozoea kumfanyia mwanafunzi. "Umesema vizuri," alisema.

"Asante," alisema Marieta. Akakitundika kibuyu mahali pake, akaenda kukaa chini, akashika mivukuto.